Remmy Ongala: Siasa Ndani ya Muziki wa Dansi

Ukali wa maneno peke yake hauufanyi wimbo kuwa wa siasa. Kipimo kingine ni nani anaweza kuuimba. Mtunzi anaweza kumtetea mnyonge kwa ufasaha mkubwa, lakini kama mnyonge mwenyewe haelewi lugha wala hachezi mdundo, wimbo huo umeishia kwa wasomi.

Remmy Ongala alilijua hilo. Alizaliwa mwaka 1947 Kindu, Maniema, nchini Kongo, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Katika karne ya 19 misafara ya pembe za ndovu na watumwa ilipita Tabora na Ujiji, ikavuka ziwa hilo hadi Kasongo na Nyangwe. Ilikuwa biashara ya damu, lakini ilikipeleka Kiswahili Maniema na kuwaleta Wamanyema Ujiji, ambako vizazi vyao vipo hadi leo. Ndiyo maana Remmy, alipofika Dar es Salaam mwaka 1978 kujiunga na Orchestra Makassy, hakuhitaji mkalimani.

Alipata jina kubwa miaka ya 1980 akiwa na bendi ya Super Matimila. Nchi ilikuwa imetoka katika vita vya Kagera, bidhaa zimeadimika, na mwaka 1986 serikali ikakubali masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa. Remmy aliimba umaskini, kifo na dharau ya wenye nacho. Ufundi wake ulikuwa katika mpangilio: magitaa ya solo, ridhim na besi hurudia mzunguko uleule kwa utulivu, naye juu yake anasimulia, anauliza, anatania. Sebene, sehemu ya magitaa ya kuchezea, inapoingia, ujumbe umeshamfikia mchezaji, sasa anaucheza.

Hakuwa peke yake katika njia hiyo: Ugiriki alikuwapo mtunzi Mikis Theodorakis (1925–2021), aliyesomea muziki Paris lakini akalichukua bouzouki, gitaa la vilabuni lililodharauliwa na watu wa heshima, akalitumia kuimbia mashairi ya Yannis Ritsos na Odysseas Elytis. Shairi likatoka kitabuni likaingia mitaani. Wanajeshi walipotwaa madaraka Aprili 1967 walipiga marufuku nyimbo zake, wakamfunga, wakampeleka uhamishoni kijijini. Mwaka 1970 aliachiwa akaenda Ufaransa. Nyimbo ziliendelea kuimbwa kwa siri.

Remmy hakufungwa kwa ajili ya nyimbo zake, na tusimkuze kwa mateso yasiyo yake. Mkono uliomgusa ulikuwa wa redio. Wimbo wake "Mambo kwa Soksi", uliowahimiza wanaume kutumia kondomu wakati Ukimwi ukiteketeza watu, ulikataliwa na Radio Tanzania, ambayo kwa miaka mingi ndiyo ilikuwa redio pekee Tanzania Bara. Hata hivyo ukasambaa kwa kanda na kumbi za dansi. Nje ya nchi alishapata jukwaa: tamasha la WOMAD mwaka 1988, na mwaka uliofuata albamu ya "Songs for the Poor Man".

Baada ya kuugua aligeukia muziki wa injili, na alifariki Desemba 2010. Leo anayetaka kuingiza siasa katika wimbo huanza na jina la chama au la mgombea, na uchaguzi ukipita wimbo nao umepita. Remmy alianza na shida ya msikilizaji. Sikiliza "Sauti ya Mnyonge": haihitaji kampeni yoyote ili ieleweke.