Sifuri, Mita 81.5 na Miaka 78,000

Usiku wa tarehe 1 Februari 2024, simba wawili ndugu waliingia majini katika mfereji wa Kazinga, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Queen Elizabeth, magharibi mwa Uganda. Mmoja anaitwa Tibu. Mwenzake, Jacob, ana miguu mitatu. Wa nne aliupoteza kwa mtego wa chuma wa majangili. Walijaribu, wakageuka nyuma, wakajaribu tena. Mfereji ule una viboko na mamba, na urefu wa safari yao ulikuwa kati ya kilomita 1 na 1.5. Hatimaye wakavuka.

Hadi hapo hakuna mtafiti aliyewahi kurekodi simba akiogelea umbali mrefu namna hiyo. Kumbukumbu za awali zilihusu makumi au mamia ya mita tu. Tunaijua safari hii kwa sababu juu yao ilikuwepo droni yenye kamera inayoona joto la mwili gizani, na nyuma ya kamera kulikuwa na watafiti waliokuwa wakimfuatilia Jacob kwa miaka. Wanadhani ndugu wale walikuwa wakitafuta majike, ambao wamepungua upande ule wa hifadhi. Daraja lipo, ila limejaa watu. Rekodi ya Jacob ninaiheshimu sana, lakini ninapoisoma naona pia mnyama aliyebanwa hadi njia iliyobaki ikawa maji yenye mamba.

Ndiyo maana kila nikisikia kwamba kitu fulani ni kikubwa, kirefu au kikongwe kuliko vyote, huuliza: kilipimwaje, na nani alikaa hapo muda wote huo kukipima?

Chukua mti mrefu kuliko yote ya Afrika. Uko Kilimanjaro, katika bonde lisilofikika kwa urahisi, nao ni mkukusu, ambao wanasayansi huuita Entandrophragma excelsum. Una mita 81.5. Andreas Hemp wa Chuo Kikuu cha Bayreuth, Ujerumani, alikwisha kuiona miti ya aina hiyo miaka mingi kabla, ila kwa jicho tu mtu hawezi kusema urefu wa kitu ambacho kilele chake hakionekani. Vifaa vya kupimia kwa miale ya leza vilipopatikana, alirudi na kuipima mmoja mmoja, akachapisha matokeo yake mwishoni mwa 2016. Rutuba ya udongo wa volkeno, joto na mvua ndivyo vilivyoipandisha kwa karne tano au sita. Watanzania wengi wamepanda mlima ule au wameutazama kutoka Moshi bila kujua kwamba mlima mrefu kuliko yote barani umebeba pia mti mrefu kuliko yote barani.

Kwa safari ya angani isiyo na kituo, rekodi ni ya ndege wa ufukweni mwenye mdomo mrefu, kinda wa miezi mitano tu. Mwezi Oktoba 2022 aliondoka Alaska, na siku 11 baadaye akatua Tasmania, kilomita 13,560 bila kula, bila kunywa, bila kutua. Hawezi kupumzika juu ya maji. Kabla ya safari ndege hawa hujaza mafuta mwilini na viungo vyao vya kusaga chakula husinyaa ili kupunguza mzigo. Kifaa kidogo cha satelaiti alichofungwa ndicho kilichotoa ushahidi.

Na sasa Kilifi, ambako ninataka kukaa kidogo.

Katika pango la Panga ya Saidi, kwenye vilima vya pwani ya Kenya, wachimbaji walikuta mwaka 2013 vipande vya mifupa iliyokuwa imeoza kiasi kwamba ikiguswa inageuka vumbi. Hawakujua ni ya nani, wala kama ni ya binadamu. Walichimba taratibu kwa misimu kadhaa hadi 2017, walipolifikia shimo lote, karibu mita tatu chini ya sakafu ya leo ya pango. Kwa kuwa mifupa isingeweza kuinuliwa, waliinua shimo zima: wakalizungushia plasta kama afungwavyo mtu aliyevunjika mguu, wakalipeleka Makumbusho ya Taifa jijini Nairobi, na baadaye Burgos, Hispania, kwenye maabara yenye uzoefu wa kazi za namna hiyo.

Meno ndiyo yaliyosema kwanza. Alikuwa mtoto wa miaka miwili na nusu hadi mitatu, binadamu kama sisi. Watafiti walimwita Mtoto, kwa Kiswahili, na jina hilo limechapishwa kwenye jarida la Nature la Mei 2021 bila kutafsiriwa. Amelala kwa ubavu wa kulia, magoti yamekunjwa kuelekea kifuani. Jinsi mabega na mbavu zilivyobaki kunaonyesha kwamba alikuwa amefungwa kwa kitu, pengine majani au ngozi. Kichwa kilikuwa kimeinama kwa namna ambayo hutokea pale kitu kilicho chini yake kinapooza na kuacha nafasi tupu. Watafiti wanafikiri ulikuwa mto. Mtu alimwekea mtoto wake mto.

Umri wake ni miaka takriban 78,000, na kipimo kilitokana na mchanga wenyewe. Chembe za mchanga zikifukiwa gizani huanza kujikusanyia nishati kidogo kidogo. Maabara ikiitoa nishati hiyo na kuipima, inajua ni lini chembe ile iliona jua mara ya mwisho. Hapa lazima tuwe waangalifu na neno “kongwe”. Maziko ya Mtoto wa Panga ya Saidi ndiyo makongwe kuliko yote ya binadamu yanayojulikana barani Afrika. Duniani kote, yapo makongwe zaidi katika mapango ya Mashariki ya Kati. Wapo waliotangaza vinginevyo kwa shauku, lakini ukweli wa kaburi lile hauhitaji kuongezwa chumvi. Mimi nililipokea kama habari ya msiba. Miaka 78,000 haikunifanya nione kwamba yuko mbali.

Kenya hiyohiyo inashikilia rekodi nyingine ya ukongwe: zana za mawe za Lomekwi, magharibi mwa Ziwa Turkana, zenye miaka milioni 3.3, zilizochapishwa mwaka 2015. Waliozichonga waliishi kabla ya jamii yetu ya Homo kuonekana katika mifupa iliyopatikana hadi sasa.

Morogoro nayo ina bingwa wake. Ronin ni panya buku, mzaliwa wa Tanzania wa mwaka 2019, aliyefunzwa na shirika la APOPO lenye makao yake Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Alipelekwa Kambodia, mkoa wa Preah Vihear, na kufikia mwaka 2025 alikuwa amegundua mabomu ya ardhini 109 na masalia mengine 15 ya silaha. Hakuna panya aliyewahi kufika hapo. Aliyemtangulia, Magawa, naye mzaliwa wa Tanzania, aligundua mabomu 71. Panya buku ni mwepesi, hivyo bomu halilipuki akilikanyaga. Hanusi chuma bali baruti, kwa hiyo misumari na makopo hayampotezei muda. Eneo la ukubwa wa uwanja wa tenisi analimaliza kwa nusu saa. Mtu mwenye kifaa cha kutambua chuma anaweza kuchukua hadi siku nne. Wenzake Morogoro wanafunzwa kunusa kifua kikuu katika makohozi, na utafiti wa mwaka 2024 ulionyesha kwamba wanaweza kutambua magamba ya kakakuona, pembe za ndovu na mpingo hata vikifichwa ndani ya bidhaa nyingine.

Rekodi inayonigusa zaidi miongoni mwa za karibuni ni namba ndogo kuliko zote. Wasichana na wanawake vijana zaidi ya 5,000, wa miaka 16 hadi 25, walijiunga na jaribio la kinga ya VVU nchini Afrika Kusini na Uganda. Kati yao 2,134 walipewa sindano ya lenacapavir, mara mbili tu kwa mwaka. Katika kundi hilo, walioambukizwa hadi matokeo yalipotangazwa Juni 2024 walikuwa sifuri. Waliomeza vidonge vya kila siku vya aina moja walikuwa 1,068, na 16 wakaambukizwa. Wa aina ya pili 2,136, wakaambukizwa 39.

Tatizo ni kumeza kidonge kila siku. Msichana anayeishi na wazazi, au na mume asiyetaka maswali, hujikuta akificha chupa ya dawa hadi anachoka. Sindano haina chupa ya kuficha. Bodi huru iliyosimamia usalama wa jaribio ilipoyaona matokeo, ilishauri lisimamishwe mapema ili washiriki wote wapewe nafasi ya kuichagua.

Nimalizie na rekodi isiyo na pembe wala manyoya: jaribio refu na kubwa kuliko yote la kuwapa watu fedha bila masharti. Lilianza 2018 katika vijiji vya Kenya, kwa njia ya M-Pesa. Vijiji 44 viliahidiwa miaka 12: kila mtu mzima karibu senti 75 za dola kwa siku. Vijiji 80 vilipewa kiasi hichohicho kwa miaka miwili, 71 vikapewa fedha zote kwa mkupuo, na 100 havikupewa, ili pawepo cha kulinganisha. Ripoti ya mwaka 2023 ilionyesha kuwa watu hawakuacha kazi. Wengi walihama kutoka vibarua kwenda biashara zao. Waliolipwa kidogo kidogo kwa ahadi ya miaka mingi walianzisha vyama vya kuzungushiana fedha, wakajitengenezea wenyewe mkupuo ambao hawakupewa.

Katika jaribio tofauti huko Siaya, zaidi ya kaya 10,000 zilipokea takriban dola 1,000 kila moja. Watafiti walirudi baadaye, nyumba kwa nyumba, kuhesabu waliozaliwa na waliokufa. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2025 yanasema vifo vya watoto wachanga katika kaya zilizolipwa vilipungua kwa asilimia 48. Faida ilionekana zaidi kwa wanaoishi karibu na kituo cha afya chenye daktari, na sababu mojawapo ni kwamba wajawazito waliweza kuacha kazi ngumu miezi ya mwisho na baada ya kujifungua.

Katika vile vijiji 44, malipo yatakoma mwaka 2030. Mtoto aliyezaliwa mwaka yalipoanza atakuwa na umri wa kumaliza gredi ya sita, na hadi siku hiyo simu ya mama yake italia kwa ujumbe wa M-Pesa kila mwezi.