Kung'oa Programu ya Kijasusi Inayoteka Kivinjari

Mtumiaji wa tarakilishi anapofungua kivinjari hutarajia kuupata ukurasa wa mwanzo aliouchagua mwenyewe. Iwapo atalakiwa na ukurasa mgeni uliosheheni matangazo, akaubadilisha, kisha akaukuta umerejea kesho yake, basi na afahamu kuwa kivinjari chake kimetekwa na programu ya kijasusi. Kosa la wengi ni kupambana na ukurasa huo. Ukurasa ni dalili tu. Ugonjwa wenyewe umejificha kwingine.

Mfano mashuhuri ni CoolWebSearch, programu iliyoanza kuenea mwaka wa 2003 ikikiandama kivinjari cha Internet Explorer. Ilijipenyeza kupitia nyufa za kiusalama pasi na kuomba idhini, kisha ikaibadilisha sajili ya Windows, yaani hazina ya mipangilio ya mfumo. Baadhi ya aina zake zilichezea pia faili ambayo huielekeza tarakilishi kwenye anwani za tovuti, hata aliyetafuta tovuti moja akapelekwa kwenye nyingine. Kwa kuwa sehemu yake iliamka kila tarakilishi ilipowashwa, ukurasa uliofutwa ulirudi vile vile. Mwanafunzi mmoja Mholanzi, Merijn Bellekom, aliunda CWShredder mahususi kwa kuiondoa, lakini kila aina mpya ilipozuka ilimbidi ainoe upya silaha yake.

Internet Explorer ilistaafishwa mwaka wa 2022, ila mbinu hiyo haikufa. Siku hizi watekaji hujificha katika viendelezi vya kivinjari na katika programu za bure zinazopakuliwa ovyo.

Kuwaondoa kunahitaji kufuata utaratibu. Kwanza, mtumiaji aikague orodha ya programu zilizosakinishwa na kuondoa zile asizozitambua, hasa zilizoingia siku matatizo yalipoanza. Pili, afute viendelezi vyote anavyovishuku. Tatu, achunguze sifa za ikoni anayoifungulia kivinjari, kwani baadhi ya watekaji huongeza anwani yao mwishoni mwa njia ya programu. Nne, aikague tarakilishi nzima kwa programu ya ulinzi inayoaminika na iliyosasishwa, kisha aiwashe upya. Mwisho kabisa ndipo arejeshe mipangilio ya asili ya kivinjari na kuchagua ukurasa wake. Anayeanza na hatua hii ya mwisho hukata tawi na kuuacha mzizi.

Kazi haiishii hapo. Programu ya kijasusi huweza kurekodi tovuti zinazozuriwa, na nyingine hunasa hata maneno ya siri. Mwanafunzi aliyefungua baruapepe au akaunti ya mkopo wa masomo kwenye tarakilishi iliyotekwa anapaswa kubadilisha maneno yake ya siri, tena kwa kutumia tarakilishi nyingine iliyo salama.

Tahadhari nyingine ni kuhusu tiba yenyewe. Matangazo yanayochomoza ghafla na kudai kuwa yamegundua virusi mara nyingi ndiyo mtego wa pili. Programu ya ulinzi ipakuliwe kutoka kwa tovuti ya waliyoiunda tu, na mfumo usasishwe kila mara. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Na katika tarakilishi, ufa huo huwa ni kubofya kitufe cha kukubali kabla ya kusoma kinachokubaliwa.