Kuongeza nguvu za injini: Hesabu magunia, usihesabu farasi

KILA msimu wa mavuno unapokaribia, wamiliki wa pikapu na malori madogo huanza kuulizana gerejini: je, injini hii ya zamani haiwezi kuongezewa nguvu, ipande mlima na mzigo bila kuhema? Fundi mwenye maneno mengi atajibu kuwa inawezekana, tena kwa siku chache tu. Ni kweli, inawezekana. Lakini mfanyabiashara ana swali jingine la kuuliza: je, inalipa?

Tuanze na jinsi kazi yenyewe inavyofanyika. Injini haipati nguvu kutokana na mafuta peke yake. Kilo 1 ya petroli huhitaji karibu kilo 15 za hewa ili iungue vizuri, na dizeli haipishani nayo sana. Ukitaka kuunguza mafuta mengi zaidi katika silinda zile zile, ni lazima usukume hewa nyingi zaidi. Kuna mashine mbili za kufanya hivyo. Ya kwanza ni supachaja, ambayo huzungushwa na mkanda wa injini. Ya pili ni tabo, ambayo huzungushwa na moshi unaotoka kwenye injini.

Supachaja si jambo la jana. Ndugu wawili wa Connersville, jimbo la Indiana nchini Marekani, Philander na Francis Roots, walipata hataza ya kipulizio chao mwaka 1860, kabla gari la petroli halijatengenezwa. Vipulizio vya aina hiyo vilitumika kwanza kupuliza hewa kwenye tanuri za chuma na migodini.

Leo supachaja inapendwa sana na Wamarekani wenye magari ya injini kubwa za V8, kama Ford Mustang na Chevrolet Camaro. Injini hizo zina safu mbili za silinda, na katikati yake kuna bonde. Supachaja hukaa juu ya bonde hilo. Zamani ilikuwa ndefu kiasi kwamba ilibidi boneti itobolewe. Siku hizi zipo fupi zinazolala ndani ya bonde pamoja na kipoza hewa, na boneti inafungwa kama kawaida. Kipoza hewa si pambo. Hewa ikigandamizwa hupata joto, na hewa ya moto hufanya petroli iwake kabla ya wakati wake na kuharibu pistoni.

Angalia kiwanda chenyewe kilivyofanya. Camaro SS ya mwaka 2012 yenye gia za mkono ilikuwa na injini ya lita 6.2 isiyo na supachaja, yenye nguvu za farasi 426. Camaro ZL1 ya mwaka huo huo ilikuwa na injini ya lita 6.2 yenye supachaja, na nguvu zake zilifika farasi 580. Lakini kiwanda hakikuweka supachaja juu ya injini ile ile na kuishia hapo. Kiwango cha mgandamizo ndani ya silinda kilishushwa kutoka 10.7 hadi 9.1, ili injini istahimili hewa ya ziada.

Sasa turudi kwenye magari yetu. Injini ya dizeli ya Toyota iitwayo 1HZ, yenye silinda sita na lita 4.2, inafahamika sana kwenye Land Cruiser za kazi. Haina tabo, na nguvu zake ni farasi wapatao 130. Toyota ilipotaka injini ya ukubwa huo yenye tabo, ilitengeneza 1HD-T, yenye farasi wapatao 160. Nayo ilibadilishwa mambo mengi: dizeli ilipulizwa moja kwa moja juu ya pistoni, na mgandamizo ulishushwa kutoka zaidi ya 22 hadi chini ya 19. Anayefunga tabo juu ya 1HZ bila kubadilisha kitu anajaribu kupata kwa siku chache kile ambacho kiwanda kilikipata kwa kuunda injini upya.

Hii haina maana kwamba haifai kabisa. Mbeya iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huko ni nyepesi kwa karibu asilimia 15 kuliko ya Dar es Salaam. Tabo yenye mgandamizo mdogo, takriban nusu ya ule wa hewa ya kawaida, hurudisha nguvu zinazopotea huko juu. Hatari huja pale fundi anapofungua pampu ya dizeli kupita kiasi. Moshi mweusi hutoka, joto hupanda, silinda hedi hupasuka au pistoni huyeyuka. Kwa hiyo usikubali kufungiwa tabo bila saa ya kupima joto la moshi.

Tupige hesabu ya mfano. Tuseme kufunga tabo, pamoja na klachi mpya na rejeta kubwa, kunagharimu Sh6 milioni. Tuseme pia nguvu hizo zinakuwezesha kuongeza safari moja kwa mwezi, inayokuachia Sh150,000 baada ya kutoa mafuta, dereva na ushuru. Utarudisha fedha zako baada ya miezi 40. Lakini kama mazao yanasafirishwa miezi mitano tu kwa mwaka, miezi hiyo 40 ni misimu minane. Injini ikifa mara moja katikati na kukugharimu Sh4 milioni, inakuwa miezi 67, yaani zaidi ya misimu 13.

Aidha, jiulize mzigo unaelekea wapi. Lori la viazi kutoka Njombe kwenda Dar es Salaam linateremka Kitonga likiwa limejaa. Pale linahitaji breki nzima kuliko farasi wa ziada. Tabo ina nafasi zaidi kwa mwenye pikapu inayopanda na gunia kutoka bondeni kila siku, mwaka mzima.

Kabla ya kununua chochote, pima nozeli, rekebisha valvu, badilisha chujio la hewa na jaza upepo sahihi kwenye matairi. Mara nyingi nguvu unazozitafuta zimepotea hapo, na kuzirudisha ni nafuu mno kuliko tabo.

Ukiamua kufunga, badilisha oili mapema zaidi, na usizime injini ghafla baada ya kupanda mlima. Iache ingurume taratibu dakika mbili, kwa sababu oili hiyo hiyo ndiyo inayopoza tabo. Toa pia taarifa kwa kampuni yako ya bima. Kisha weka daftari: safari, lita za dizeli na magunia. Baada ya msimu mmoja, daftari hilo litakueleza ukweli kuliko fundi yeyote.