Fahamu: Jinsi Mechi ya Mazoezi Inavyoweza Kumpotezea Mwanamichezo Msimu Mzima katika Vyuo Vikuu vya Marekani

Vijana wa Afrika Mashariki, hususan wakimbiaji, wamekuwa wakipata ufadhili wa masomo katika vyuo vikuu vya Marekani kwa miongo mingi. Ufadhili huo huambatana na kanuni kali za ushiriki, na baadhi ya kanuni hizo huanza kumhesabia kijana muda wake akiwa bado nyumbani. Shindano dogo lililochukuliwa kuwa la kujipima nguvu laweza kumgharimu msimu mzima.

Michezo ya vyuo vingi nchini humo husimamiwa na Chama cha Kitaifa cha Michezo ya Vyuo, NCAA, chenye makao makuu katika jiji la Indianapolis. Vyuo wanachama vimegawanywa katika madaraja matatu. Maelezo haya yanahusu Daraja la Kwanza, kwa mujibu wa kanuni zilizotumika katika mwaka wa masomo wa 2024/2025.

Misimu minne ndani ya miaka mitano

Kwa mujibu wa kanuni hizo, mwanamichezo huruhusiwa kushindana kwa misimu 4 katika mchezo wake, na misimu hiyo sharti itumike ndani ya miaka 5. Miaka hiyo huanza kuhesabiwa siku anapojisajili chuoni kwa masomo ya muda wote, na huendelea kuhesabiwa hata kama hashindani.

Mazoezi ya ndani ya timu hayapunguzi msimu. Hata timu ikijigawa pande mbili na kucheza yenyewe kwa yenyewe, hayo ni mazoezi. Mambo hubadilika anapoingia mpinzani kutoka nje ya chuo. Hapo, hata mechi iliyoitwa ya mazoezi huweza kuhesabiwa kuwa shindano, na mchezaji aliyeingia uwanjani kwa dakika moja akawa ametumia msimu mmoja, isipokuwa pale kanuni za mchezo husika zinapotoa msamaha. Mathalani, katika mpira wa miguu wa Kimarekani, tangu mwaka 2018 mchezaji huweza kucheza hadi mechi 4 bila kupoteza msimu.

Kwa wanariadha, lipo jambo la kuzingatia zaidi. Mwanafunzi aliyekwisha kujiunga na chuo aweza kukimbia kwa jina lake binafsi, bila sare za chuo wala kugharimiwa na chuo, na msimu wake usihesabiwe. Akivaa sare na kukiwakilisha chuo katika mbio moja tu, msimu huhesabiwa.

Muda kati ya sekondari na chuo

Vijana wengi wa ukanda huu hujikwaa hapa. Katika riadha na michezo mingine mingi, mhitimu wa sekondari hupewa kipindi cha mwaka mmoja kujiunga na chuo. Kipindi hicho kikipita, kila mwaka anaoshiriki mashindano yaliyoandaliwa humpunguzia msimu mmoja. Aidha, afikapo chuoni hulazimika kukaa mwaka mmoja wa masomo kabla ya kuruhusiwa kushindana.

Mathalani, mwanafunzi anayemaliza mtihani wa kidato cha nne nchini Kenya mwezi Novemba na kujiunga na chuo Agosti inayofuata huwa ndani ya muda. Akisubiri hadi Agosti ya mwaka wa pili huku akiendelea kukimbia, huwa amevuka mpaka.

Jina la shindano halimwokoi. Shindano huhesabiwa kuwa limeandaliwa iwapo limetangazwa mapema, au matokeo rasmi yamehifadhiwa, au wapo waamuzi na watunza muda, au kiingilio kimetozwa, au yupo mdhamini. Sifa moja kati ya hizo yatosha. Hivyo basi, mbio za barabarani za mwisho wa wiki zinaweza kuingia katika hesabu. Kukimbia peke yake au na wenzake mazoezini hakumo.

Mtanzania Suleiman Nyambui alitwaa medali ya fedha ya mita 5,000 katika Michezo ya Olimpiki ya Moscow mwaka 1980 akiwa na umri wa miaka 27, katika kipindi alichokuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Texas kilichopo El Paso. Kwa kanuni zilizoelezwa hapa, mkimbiaji anayeanza chuo katika umri mkubwa baada ya kushindana kwa miaka mingi hukuta misimu yake imekwisha au imebaki michache.

Masomo ndiyo msingi

Ili kushindana katika mwaka wa kwanza, mwombaji hutakiwa kuwa na masomo ya msingi 16 ya sekondari na wastani usiopungua 2.3 katika mizani ya 4.0, baada ya matokeo ya nchi yake kulinganishwa na mizani hiyo. Mwenye wastani kati ya 2.0 na 2.3 aweza kupewa ufadhili na kufanya mazoezi katika muhula wa kwanza, lakini haruhusiwi kushindana mwaka huo.

Akiwa chuoni, sharti awe amekamilisha asilimia 40 ya masomo ya shahada yake kufikia mwisho wa mwaka wa pili, asilimia 60 mwaka wa tatu na asilimia 80 mwaka wa nne. Ili kulinda masomo hayo, shughuli za michezo wakati wa msimu hazipaswi kuzidi saa 4 kwa siku na saa 20 kwa wiki.

Wazazi, walezi na walimu wa michezo wanashauriwa kumsajili kijana mapema katika Kituo cha Ustahiki cha NCAA na kutunza vyeti vyake halisi. Wanashauriwa pia kuweka kumbukumbu ya kila shindano aliloshiriki, ikionyesha tarehe, mwandaaji na zawadi aliyopokea. Kwa kuwa kanuni hizi hurekebishwa mara kwa mara, ni vyema kuthibitisha zilizopo kwa ofisi ya chuo husika kabla ya kijana kujiandikisha kwa shindano lolote.