Mguu wa mtoto ukipinda, tusianze kumtafuta mchawi

Mtoto akizaliwa mguu umepinda au vidole vimepungua, maswali huanza hata kabla mama hajapewa uji. Alimkosea nani? Alimcheka kilema gani? Mume naye anaitwa pembeni na ndugu zake, anaambiwa kwao hakuna kitu cha namna hiyo.

Wamama, mikono na miguu hujengwa kati ya juma la nne na la nane tangu mimba itunge. Wakati huo wengi wetu ndio kwanza tunahesabu siku zilizopita. Mara nyingi hata daktari hapati sababu. Pengine ni jambo la ukoo. Pengine utando unaomzunguka mtoto umechanika, nyuzi zake zikakaza kidole au mkono. Sababu nyingine zinajulikana: ugonjwa wa sukari usiotibiwa, pombe, dawa fulani za kifafa (usiiache ghafla, muulize daktari kwanza). Dawa ya thalidomidi, iliyoanza kuuzwa Ujerumani mwaka 1957 na kuondolewa mwaka 1961, iliwaachia viungo vifupi maelfu ya watoto. Na tuseme wazi: Cytotec inayomezwa kwa siri, mimba isipotoka, inaweza kumlemaza mtoto.

Tunapenda ekografi ya mwezi wa nane, kujua kama ni kijana au binti. Wakati huo mtoto amejaa tumboni, viungo havionekani vizuri. Iombeni kwenye CPN kati ya juma la 18 na la 22. Haioni kila kitu, wala hainyooshi mguu. Inakupa muda wa kumwandaa baba na kujua pa kwenda.

Hapa Goma kuna HEAL Africa, hospitali iliyoanzishwa na daktari wa mifupa Jo Lusi na mkewe Lyn; na kwa mtoto aliyekosa kiungo, kituo cha Shirika la Umoja hutengeneza viungo bandia. Mguu uliopinda, unaompata karibu mtoto 1 kati ya 1,000, hunyooshwa kwa plasta inayobadilishwa kila juma, majuma matano au sita, ukianza mapema. Halafu viatu vilivyounganishwa kwa chuma: miezi mitatu mchana na usiku, kisha usiku tu hadi karibu miaka minne. Hapa ndipo tunapochoka. Mguu umenyooka, viatu vinasukumwa chini ya kitanda, na mguu unarudi ulikotoka.