Fidia ya Ajali Kazini: Kiasi Hupatikanaje?

Msimu wa korosho unapofika, Mkunya na kata nyingine za uwanda wa Makonde huwa na ajira nyingi za muda: kupakia na kushusha magunia maghalani, kubangua, kuendesha magari ya mizigo. Ni kazi zenye hatari. Gunia huanguka mgongoni, na mafuta ya maganda ya korosho huunguza ngozi ya mikono. Mara nyingi aliyeumia hupewa fedha kidogo za pole na kurudi nyumbani, akidhani shauri limekwisha.

Kisheria shauri halijaisha. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi, Sura ya 263, iliyotungwa mwaka 2008, ilianzisha Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF), ambao ulianza kazi Julai 2015 kwa Tanzania Bara. Mchango hulipwa na mwajiri peke yake. Mshahara wa mfanyakazi haukatwi hata senti. Kabla ya hapo ilitumika sheria iliyorithiwa kutoka enzi za ukoloni, ambayo kiwango chake cha juu kilikuwa shilingi 108,000 kwa ulemavu wa kudumu na shilingi 83,000 kwa kifo. Kwa bei za leo, fedha hizo ni dharau kwa maisha ya mtu.

Sasa fidia hufuata mambo mawili: kipato cha mfanyakazi na ukubwa wa athari aliyoipata. Anayeshindwa kufanya kazi kwa muda hukokotolewa asilimia 70 ya kipato chake cha mwezi, kwa kipindi kisichozidi miezi 24. Kwa mfano, mlinzi wa ghala anayelipwa shilingi 300,000 kwa mwezi hupata 210,000 kwa kila mwezi anaouguza jeraha. Gharama za matibabu huhesabiwa kando.

Jeraha likiacha ulemavu wa kudumu, daktari hutathmini kiwango chake kwa asilimia. Ulemavu usiozidi asilimia 30 hulipwa kwa mkupuo. Ukizidi hapo, hulipwa pensheni ya kila mwezi. Mlinzi yuleyule akikutwa na ulemavu wa asilimia 60, pensheni yake ni asilimia 60 ya zile 210,000, yaani shilingi 126,000. Tathmini hiyo ndiyo inayobeba uzito wote, hivyo mgonjwa asione haya kumweleza daktari kila kiungo kinachomsumbua. Mfanyakazi akifariki, mwenzi na watoto wanaomtegemea hulipwa, na upo msaada wa mazishi.

Ugumu huwa kwenye ushahidi wa kipato. Kibarua anayelipwa mkononi bila kusaini popote hana cha kuonyesha, na asilimia 70 ya kiasi kisichojulikana haikokotoleki. Daftari la malipo, ujumbe wa fedha kwa simu au karatasi yenye sahihi ya msimamizi vitunzwe tangu siku ya kwanza ya kazi.

Aliyeumia amtaarifu mwajiri mapema iwezekanavyo, naye mwajiri anatakiwa kuifikisha taarifa hiyo WCF ndani ya siku 7. Madai yawasilishwe ndani ya miezi 12 tangu ajali itokee. Mkulima anayeumia katika shamba lake mwenyewe hahusiki na utaratibu huu, kwa kuwa hana mwajiri. Lakini aliyemwajiri mtu kumsaidia shambani anahusika, na anapaswa kujisajili.