Kupokea Ujumbe wa Soketi bila Kuulizauliza: Mfano wa Kiwanda cha Karatasi, Mgololo

Makala hii inafafanua namna seva inavyoweza kupokea ujumbe mfululizo kutoka kwa programu teja nyingi bila kuuliza kila soketi kwa zamu. Tuchukulie kiwanda cha karatasi cha Mgololo, wilayani Mufindi, ambamo vihisi vya joto na shinikizo vinatuma vipimo kwa seva moja kupitia TCP. Seva ikiuliza kila baada ya sekunde 1, hutumia kichakataji hata pasipo na kipimo kipya. Tena onyo la shinikizo huweza kungoja karibu sekunde nzima.

Njia mbadala ni kuukabidhi mfumo endeshi kazi ya kungoja. Wito wa select, ulioingia katika 4.2BSD mwaka 1983, huilaza seva hadi soketi mojawapo iwe tayari; lakini hukagua orodha yote kila unapoitwa. Wito wa epoll, ulioingia Linux mwaka 2002, huhifadhi orodha hiyo ndani ya kiini cha mfumo na kurejesha soketi zilizo tayari pekee.

Hata hivyo, soketi kuwa tayari si ujumbe kukamilika, kwa kuwa TCP hupeleka mkondo wa baiti usio na mipaka ya ujumbe. Hivyo, kila kipimo kitanguliwe na urefu wake, na vipande vihifadhiwe hadi vitimie. Aidha, kihisi kilichokatikiwa umeme hakiagi. Kwa seva inayopokea tu, ukimya wake hufanana na ule wa kihisi kizima kisicho na jipya. Kwa hiyo kila kihisi kitume ishara ya uhai kwa vipindi maalumu. Muda uliowekwa ukipita bila ishara, seva ifunge soketi hiyo na kumwarifu mwendesha mitambo.